Imefuliwa kwa Mkono

Sogeeni wanangu, maana sauti hii haifiki tena mlangoni. Na wewe kifungua mimba, acha kujifanya unatafuta kiti, kaa hapa miguuni pangu, yanayokuja ni yako kuliko ya wenzako.

Nimefua fedha miaka arobaini na mitatu, na mimba zenu zote tatu nilizibeba fuawe ikilia kwa nyundo mbele yangu, bibi yenu akinicheka, "Huyo atazaliwa kiziwi!" Nilipochoka kuona vya mashine vikiuzwa kwa jina letu mafundi, niliweka nyundo chini nikaenda kukalia mabenchi ya ofisi za wakubwa, mwaka hadi mwaka, nikidai jambo moja tu: kilichomiminwa kwenye kalibu kiandikwe kimemiminwa, na kilichofuliwa kiandikwe kimefuliwa. Wakaniita Mama Kinyundo. Wakakubali.

Juzi mteja kaniletea bangili iliyokatika, ina chapa yangu niliyokuachia wewe, kifungua mimba, na kikaratasi kinasema, "Imefuliwa kwa mkono." Nikapitisha kidole ndani: laini kama kijiko cha hotelini, haijaonja nyundo hata mara moja. Imefuliwa? Labda uliifua kwa sabuni, mwanangu, ukaianika! Niliomba beseni nikatapika, na si ugonjwa huu. Ugonjwa wangu naujua, kile kilikuwa kinyaa. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, watu wanataka jina tu, nani anaangalia ndani?" Mimi naangalia. Njia ya mwongo ni fupi, na kosa langu nalikiri: nilikufundisha kushika nyundo, sikukufundisha kuona haya.

Basi shikeni haya. Nyumba ni yenu nyote, asifukuzwe mtu. Karakana na zana ni za dada yenu wa kati. Mkono wake mzito, lakini haudanganyi. Chapa yangu, hiki chuma chenye jina langu, hairithiwi. Kitindamimba, chukua tupa, isugue sasa hivi nikiona, mpaka herufi ziishe. Usilie, sugua.

Nawe kifungua mimba, utamfuata kila uliyemuuzia, umwambie kwa kinywa chako. Wenzako radhi zangu wanazo, Mungu awatangulie. Zako nimeziweka kwa mteja wa mwisho: siku utakapomwambia, "Hii haikufuliwa," ujue mama yako ameridhika, hata kama nitakuwa... niinueni kichwa kidogo. Hapo.

Sugua, kitindamimba, mbona umeacha? Bado... bado naiona herufi moja.