Miaka Thelathini na Minne Katikati ya Uongo wa Vita

Tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, mtunza nyaraka wetu mkuu atafunga chumba namba sita, atamkabidhi mlinzi funguo na kutia saini daftari la kutoka kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja katika makumbusho haya ya vita. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Idara ya utumishi ilimletea barua yenye miezi mitatu, akairudisha.

Wageni humwita mama mtunza nyaraka. Sisi tuliofanya naye kazi tunamwita Bi Nani-Kasema, naye anajua na hajawahi kununa, maana jina alijipa mwenyewe bila kukusudia. Mwambie mvua inakuja, atauliza nani kasema. Mwambie kikao kimeahirishwa, atauliza nani kasema, kamwambia nani, na anataka tufanye nini. Mimi, mwongoza wageni wa nyumba hii kwa miaka kumi na tisa, nilimpigia simu kumwambia mke wangu amejifungua mapacha. Aliuliza nani kasema. Nilipojibu kwamba nimewabeba wote wawili mikononi ndipo akapiga vigelegele.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kwa mkataba wa miezi mitatu, apange makasha ambayo hakuna aliyeyataka. Idara nyingine zilikuwa na bunduki, magwanda, na kifaru kizima uani ambacho hadi leo wageni hugombania kupiga nacho picha. Yeye alipewa karatasi: vipeperushi vilivyodondoshwa na ndege, hotuba za redio, kanda za vipaza sauti vilivyokuwa vikiwapigia askari kelele mpakani wasipate usingizi. Mkurugenzi wa wakati ule aliziita takataka za vita. Bi Nani-Kasema akaketi, akafungua kasha la kwanza, na kengele ya kufunga ikamkuta bado anasoma.

Anasema kilichomnasa ni kumfikiria mwandishi. Kila kipeperushi kiliandikwa na mtu aliyeketi mezani, pengine na kikombe cha chai pembeni, akijiuliza: yule askari kwenye handaki, ni kitu gani kinamkosesha raha zaidi? Njaa? Mchumba aliyemwacha mjini? Wakubwa wake wanaolala pakavu? Akishapata jibu, anaandika mistari sita, inapigwa chapa, inapakiwa kwenye ndege. Silaha isiyotoboa ngozi, ila inamfanya mtu aiweke bunduki chini kwa mkono wake mwenyewe, ilimshangaza kuliko kifaru.

Akaanza kurudi nyuma, karne baada ya karne, akitaka kujua nani alianza. Hakumpata, maana hofu imetumika vitani tangu watu waanze kupigana. Alikusanya habari za majeshi yaliyowasha mioto mitano palipotosha mmoja, ili adui akitazama kutoka mlimani ahesabu na kukata tamaa. Za wapanda farasi waliofunga matawi mikiani mwa farasi wao, vumbi likapanda kama la jeshi zima. Za vita kuu vya karne iliyopita, ambamo watu wazima wenye vyeo walijaza upepo vifaru vya mpira na kuvipanga shambani ili ndege za adui zivipige picha. Alizisimulia mezani wakati wa chai kwa furaha ya mtu anayesimulia vituko vya shemeji zake.

Wanafunzi wakija, hakuwapa hotuba. Aliwagawa: kumi na wawili wapande ghorofa ya juu, kwenye sakafu ya mbao, waliobaki wakae chini wakiwa wamefumba macho. Wale wa juu wakimbie huku na huko wakiburuta viti. Kisha aliwauliza wa chini: juu kuna watu wangapi? Mmoja husema hamsini, mwingine mia. Mwalimu mmoja wa hisabati aliwahi kusema sitini na saba, bila kupepesa, ilhali basi lake lilikuwa limeleta wanafunzi arobaini tu.

Nasi wafanyakazi tulipata somo letu. Asubuhi moja ilivuma kwamba makumbusho yameuzwa. Kufikia saa tano mhudumu wa chai alikuwa ameshaanza kufunga vikombe vyake kwenye gazeti, na mimi, sioni haya kusema, nilikuwa nikiandika barua ya kuomba kazi hotelini. Bi Nani-Kasema alichukua karatasi, akapita ofisi kwa ofisi akimuuliza kila mtu kaambiwa na nani, akichora mishale. Saa moja haikuisha, mishale yote ikaishia kwa seremala wetu, aliyeonekana akipima mlango mkuu kwa futi kamba. Mlango ulikuwa unakwaruza sakafu. Alitaka kuupiga randa.

Ameorodhesha vipeperushi elfu kumi na moja na mia nne. Amewafundisha watunza nyaraka watano, wawili kati yao sasa ni wakuu wa idara kwingineko na bado humpigia simu wakikwama. Kanda za redio zilizokuwa zikioza alizihamisha zote kwenye kompyuta, akizisikiliza moja moja. Haya yamo kwenye cheti atakachopewa. Yanayofuata hayamo, na ni yeye aliyeniagiza niyaandike. Nilisita. Akaniambia, “Ukiyaacha, wasifu wangu nao utakuwa kipeperushi.”

Katika kabati la kioo la chumba namba sita palikaa, kwa miaka kumi na minane, kipeperushi cha vita vya mpakani vya karibu miaka hamsini iliyopita. Kilikuwa barua iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa chapa kwa maelfu. Koplo mmoja, kwa jina lake kamili na namba yake ya jeshi, aliwaambia wenzake kwamba amejisalimisha, amepokewa vizuri, anakula mara tatu kwa siku, nao waache silaha wamfuate. Maelezo chini yake, yaliyoandikwa na Bi Nani-Kasema, yalisema: barua ya askari aliyejisalimisha. Kwa sababu ya barua hiyo, jina la koplo halikuwahi kuchongwa kwenye ukuta wa waliokufa vitani, na nyumba yao ikaitwa nyumba ya msaliti.

Miaka kumi iliyopita alikuja mwanamke mmoja aliyevaa nadhifu, mkoba umebanwa kwapani. Ni dada yake koplo. Aliomba barua ile iondolewe kwa kuwa kaka yake hakuiandika. Bi Nani-Kasema alimpokea kwa adabu zote, akamkalisha, akamuuliza nani kasema. Mwanamke akajibu, “Nasema mimi.” Akaelezwa, kwa upole uleule, kwamba makumbusho hayawezi kuondoa kitu kwa neno la ndugu. Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi mlangoni. Aliubana tena mkoba wake, akashika njia.

Ikaja mvua ya miaka mitatu iliyopita, ambayo wengi mnaikumbuka. Tulifika asubuhi tukakuta dari la ghala limevuja na makasha manane yamelowa. Hapa inabidi nieleze utaratibu wetu. Tangu zamani, vipeperushi hupangwa kwa mahali vilipookotwa: vya mtoni kasha lake, vya mlimani kasha lake. Ni utaratibu mzuri, na ndio uliotufunga macho, kwa sababu makasha mawili hayakuwahi kufunguliwa pamoja. Siku hiyo hapakuwa na la kufanya. Tulivuta kamba ukumbini kutoka nguzo hadi nguzo, tukaanika karatasi zote kwa vibanio vya nguo, za mtoni na za mlimani zikichanganyika.

Mhudumu wa chai ndiye aliyeona kwanza. Alipita chini ya kamba na sinia, akasimama, akasema kwamba hawa askari wawili wana mwandiko mmoja. Bi Nani-Kasema alikuja na kioo chake cha kukuzia. Barua ilikuwa ileile, neno kwa neno, mpaka doa la wino pembeni ya mstari wa nne. Kilichobadilika ni jina na namba. Kabla ya saa saba tulikuwa tumepata barua saba, za askari saba, ya koplo ikiwamo, zilizoandikwa na mkono mmoja. Mwandishi wa adui alikuwa ameandika barua moja na kuacha pengo la jina, kisha, kama kumbukumbu za upande wa pili zilivyothibitisha baadaye, akajaza majina yaliyotoka kwenye vitambulisho vya mifukoni mwa maiti. Koplo hakujisalimisha kwa mtu. Alikuwa ameshakufa barua “yake” ilipopigwa chapa.

Sijawahi kumwona akilia kazini ila siku ile. Mwenye shaka kuliko sisi wote aliitilia shaka mvua, akaitilia shaka mapacha wangu, akamtilia shaka dada wa marehemu, lakini ile karatasi hakuitilia shaka. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, na uongo wa adui uliendelea kufanya kazi ndani ya kabati letu, chini ya taa yetu, kwa maelezo aliyoyaandika yeye.

Mkurugenzi wetu alipendekeza maelezo yabadilishwe kimyakimya. Bi Nani-Kasema alikataa. Walibishana siku tatu, na kwa heshima ya mkurugenzi niseme kwamba mwishowe alikubali. Leo kwenye kabati lile pameandikwa: “Kwa miaka kumi na minane hapa palisemwa kwamba hii ni barua ya kweli. Ni uongo wa vita. Aliyekosea ni mimi, mtunza nyaraka.” Kisha akaandika barua kwa kamati ya ukuta wa kumbukumbu, akaandika tena, akaenda mwenyewe akakaa kwenye benchi lao mpaka walipochoka kumwona. Mwaka jana majina yote saba yalichongwa.

Kabla ya hapo alikwenda kwa dada yake koplo. Mara mbili aliambiwa mwenyewe hayupo, na mara zote mbili aliona pazia likitikisika. Mara ya tatu nilimsindikiza. Tulifunguliwa, tukakalishwa, na Bi Nani-Kasema akaanza kueleza habari za mwandiko, doa la wino na kamba ya ukumbini. Mama yule alimwacha amalize. Kisha akaomba asomewe ile barua, kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa ametukanwa kwayo, na siku aliyokuja kwetu macho yake yalikuwa yamejaa machozi hata hakuweza kuisoma yote.

Akasomewa. Ilipofika mwisho aliuliza, “Ndiyo yote? Na salamu ziko wapi?”

Aliinuka, akaleta barua tatu ambazo kaka yake alimwandikia akiwa kambini. Kila moja, ukurasa mzima wa kwanza ni salamu: mama, baba mdogo, shangazi, jirani wa kushoto, jirani wa kulia, hata mbuzi mwenye kilema. Mtu wa namna ile, akijua maneno yake yatasomwa na dunia nzima, amsahau mama yake? Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Siku ile nilikuwa nazo kwenye mkoba. Nilingoja mniulize kaka yangu alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyeniuliza.”

Bi Nani-Kasema aliteremka kitini, akapiga magoti kwenye sakafu, akamshika mikono na kumwomba radhi. Mama alimwambia ainuke, sakafu ina baridi. Tulikunywa chai, na kwa saa mbili tukasikiliza habari za koplo: alivyocheka kwa kishindo, alivyomuogopa kuku, alivyomfundisha dada yake kuendesha baiskeli akaishia kumtumbukiza mtaroni. Mtunza nyaraka wetu hakutoa kalamu wala kioo. Aliuliza tu, na kusikiliza.

Zimebaki familia sita. Barua tulizozituma zimerudi, kwa kuwa anwani zilikuwa za wakati wa vita. Ndugu wa askari wale, kama wapo, ni wazee sasa, na huenda wapo wanaokwepa macho ya majirani hadi leo wasijue kwamba majina ya watu wao yako ukutani. Wenzetu wengi wakistaafu hutuambia wanakwenda kupumzika. Huyu amenunua viatu vya kutembelea, amechora ramani, na Jumatatu inayofuata anaanza safari ya kuwatafuta, nyumba kwa nyumba. Dada yake koplo amesema haendi peke yake, wanakwenda wote wawili.

Mama yetu, mwalimu wetu, asante kwa kutufundisha kuuliza, na asante zaidi kwa kutuonyesha mtu mzima anavyosema nimekosea. Tunakutakia maisha mema, afya na miguu isiyochoka. Na ndugu wa wale sita, tunakuombea uwakute bado wapo.