Mteremko wa Chinchila Hauuzwi

Nolberto, vua kofia. Umeingia kwa mama yako, si kilabuni. Hortensia binti yangu, niinulie mto. Eliecer mwanangu, acha kulia, pumzi ya kusema bado ninayo, na leo mtanisikiliza mpaka niishe. Jirani Rosamel yuko hapo mlangoni, ndiye shahidi.

Nyumba na mbuzi ni vya Nolberto. Mizabibu ni ya Eliecer, aliyeinywesha maji wakati wa ukame. Lakini mteremko wa mawe ng'ambo ya kijito, wanakoishi chinchila, wale wanyama wadogo wa manyoya laini, ni wa Hortensia peke yake.

Usinikunjie uso, Nolberto! Jana ulidhani nimelala. Nilikusikia barazani ukimwambia yule mtu wa mgodi anayetaka kuununua mteremko, "Subiri kidogo, bwana. Bibi kizee anakwisha, na vipanya vyake vitaondoka naye." Vipanya! Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliishona mwenyewe.

Babu yenu aliwakuta wanyama hao wamejaa kutoka miamba ya pwani hadi chini ya theluji, jua likizama mlima mzima unachezacheza. Wakaja wenye mitego, wakawachuna kundi kwa kundi ili bibi mmoja wa ng'ambo avae koti. Waliosalia wakanyang'anywa vichaka: huyu kakata kuni za kuyeyushia shaba, yule kafungulia mbuzi. Nendeni bonde la akina Tapia mkatafute hata mmoja! Wamebaki kwetu, kwenye mawe haya, na mwanangu ndiye dalali!

Ami yenu Belarmino alikuja na debe la mafuta ya taa awatoe chinchila mashimoni kwa moshi. Nikakaa juu ya shimo, tumboni nina wewe, Nolberto. Akanifokea, "Toka, shemeji, nisije nikakuunguza!" Nikamwambia, "Washa basi, ukawaeleze watu umechoma nini." Baba yenu akaja akaketi kando yangu. Belarmino akalipiga debe teke, akaondoka, na hakukanyaga tena mlango huu mpaka tulipomzika. Sikujuta. Sijuti hata sasa.

Hortensia, wamekucheka kwamba huna mtoto wa kumrithisha. Wacha wacheke. Mbuzi wasivuke kijito. Jenga ukuta wa mawe, panda vichaka palipobaki upara, na mtu wa mgodi akirudi, usimpe hata kiti.

Nolberto, unakwenda wapi? Ah... umepiga magoti. Basi mshike dada yako mkono. Si hivyo, kama unashika kaa la moto! Mshike kama mtu atakayembebea mawe ya ukuta.

Hasira yangu haijaisha, wanangu, lakini baraka ya mama haingoji hasira iishe. Mungu awape mvua... awape watoto wenye masikio... Maji. Hapana, acha. Eliecer, sogea... nawe shika hapo.

Nolberto... usiuachie.