Karatasi Tano za Mama Pacha

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mnene uliobanwa kati ya kinyozi na duka la kutengeneza simu, mguu mmoja umeongezewa tofali, na kila aliyekalia upande huo alikunywa kahawa kwa tahadhari. Wenyeji wake hawakubadilika. Profesa, kinyozi wa mlango wa kwanza, alipewa jina hilo kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Kipaza aliuza viatu vya mtumba kwa kipaza sauti, na hata alipozungumza na mtu wa pembeni yake, utadhani anamwita aliye ng'ambo ya barabara. Birika ndiye mwenye kahawa. Wa nne alikuwa Cherehani, fundi nguo, mtu wa kusikiliza zaidi kuliko kusema. Ndiyo maana Jumapili ile alasiri wote walinyamaza alipokuwa wa kwanza kufungua mdomo.

— Jamani, shemeji yenu anaanza mitihani kesho. Karatasi tano, siku nne.

— Mama Pacha? Kipaza aliruka. Mitihani ya nini tena, na utu uzima huu?

— Ya kumaliza sekondari. Miaka mitatu anasoma madarasa ya jioni. Asubuhi anapiga deki wodini, jioni darasani, akirudi anaegemeza kitabu kwenye ndoo ya maji anasoma huku anafua. Miaka kumi na minne amepiga deki kwenye wodi ile. Akifaulu anaingia chuo cha uuguzi. Atarudi mlango ule ule na sare nyeupe, na sare hiyo nitaishona mimi.

Alilisema hilo la mwisho taratibu, na kifua kikamjaa. Profesa akamgonga bega.

— Hongera, fundi. Mbona sasa uso umekunjamana kama shati lisilopigwa pasi?

Cherehani akazungusha kikombe mkononi. Juzi, alisema, Mama Pacha alikunja nguo mbichi akazipanga kabatini. Jana hakula. Leo asubuhi kafungua kitabu cha Hisabati, akalia mpaka ukurasa ukalowa, kisha akafungua cha Kemia, akalia tena.

— Mimi najua kushona tu. Nifanye nini?

Swali kama hilo halitupwi kijiweni bure. Profesa alikuwa wa kwanza.

— Kichwa ni ndoo. Ukimimina Kemia juu ya Baiolojia, lazima imwagike. Wahenga walisema, fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo asome Hisabati sikio la kulia, Kemia sikio la kushoto.

— Kwa sikio vipi, Profesa? Cherehani aliuliza. Vitabu vinasomwa kwa macho.

— Ndiyo maana watu wanafeli!

— Achana naye, alisema Birika akimimina. Haba na haba hujaza kibaba. Mpe kahawa chungu, vikombe kumi na viwili kwa siku, asifumbe jicho mpaka Alhamisi. Usingizi ni mwizi. Unalala unajua, unaamka hujui.

— Wewe unatafuta wateja! Kipaza alifoka, na mbwa wa jirani akaondoka. Sikilizeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake nini? Mtu akasomee chini ya kitanda! Ainame, damu ishuke kichwani, elimu iifuate. Tena nitawaazima kipaza changu. Tunarekodi madaftari yote matano, tunayapiga hapa barabarani kutwa kucha. Mtaa mzima tunafaulu!

— Na asali, aliongeza Profesa, ambaye hakupenda kushindwa. Mkono mtupu haulambwi. Apake asali mkono wa kuandikia.

Cherehani aliwatazama mmoja mmoja. Wakati mwingine angecheka. Lakini mtu mwenye hofu hushika hata unyasi, na tayari alikuwa akijiuliza yale masanduku ya mvunguni atayahamishia wapi.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mwanamke mgeni, fundi bomba, mkoba wa spana miguuni. Alikuwa ametoka kuziba bomba lililopasuka nyuma ya duka la simu, na alikuwa akinywa kahawa yake kimya. Akageuka.

— Samahani, kaka zangu. Kesho anaanza na somo gani?

— Kemia, Kipaza aliropoka.

— Hisabati, alisema Profesa. Kila mtu anajua.

Fundi bomba hakuwatazama wao. Alimtazama Cherehani. Cherehani alijua mabega ya mkewe na kiuno chake bila kutumia futi. Alijua zamu zake zote za wodini. Miaka mitatu alikuwa amejisifu kwa kila mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa. Lakini hilo hakulijua.

— Sijui, alisema.

Fundi bomba akashukuru kwa kahawa, akajitwika mkoba, akaenda zake. Cherehani naye akainuka, kikombe chake hakijafika nusu.

Alimkuta Mama Pacha sakafuni chumbani, vitabu vitano vimefunguliwa pande zote, kama mtu aliyezungukwa na mbwa wakali. Akachuchumaa mbele yake.

— Mama Pacha. Kesho unaanza na nini?

Mkewe alimtazama kana kwamba amemsemesha kwa lugha ngeni.

— Baiolojia.

— Na hivi vingine vinne vimekuja kufanya nini leo?

— Nikishika kimoja nasikia vingine vinaniita, Baba Pacha. Nimechanganyikiwa. Naogopa. Wodi nzima inajua. Nikifeli nitashika vipi lile dekio mbele yao?

Cherehani alifunga vile vinne, akavipeleka chumba cha kushonea. Akarudi na kipande cha karatasi ya kukatia mitindo na chaki, wakapiga mistari. Jumatatu, Baiolojia. Jumanne, Hisabati asubuhi na Kiswahili mchana. Jumatano, Kiingereza. Alhamisi, Kemia. Kila somo na siku yake, na kila siku na saa ya kulala.

— Sasa niambie unachotaka kwangu. Kupika nitapika. Pacha nitawapeleka shule.

— Nataka mtu wa kunisikiliza. Kaa hapo nikueleze moyo unavyosukuma damu.

— Ukikosea nitajuaje?

— Hutajua, alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo midomo ikacheza.

— Lakini ukisitasita nitasikia. Mashine yangu ikiruka uzi naisikia hata nikiwa nje.

Basi akakaa. Mama Pacha akaeleza. Kila aliposita, Cherehani aliinua kidole, naye akarudi nyuma, akaanza tena, mpaka damu ikapita vyumba vyote vinne vya moyo bila kukwama. Wakala. Wakalala mapema.

Wiki ile Cherehani aliunguza wali mara mbili, na nywele za pacha alizisuka hivi kwamba mwalimu wao aliuliza kama mama yupo salama. Jumanne ndiyo ilikuwa mlima. Mchana, kati ya karatasi mbili, alimpelekea mkewe chakula kwenye geti la shule, akamkuta amekaa ukutani, macho yamefumbwa.

— Vipi?

— Nimefungua karatasi, tarakimu zikaanza kuogelea. Nikaweka kalamu chini, nikakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, nikahesabu pumzi kumi. Nikajiambia, leo hakuna Kemia hapa. Swali la kwanza nikaliacha, nikaanza na la nne, lile nalolijua. Nilipomaliza, la kwanza nalo likakubali.

Akafumbua macho.

— Niliandika mpaka kengele, Baba Pacha. Sikuacha swali.

Cherehani akageukia barabarani kidogo, akajifanya anatazama magari.

Alhamisi alasiri watu wa benchi walimwona Mama Pacha akija kwa miguu kutoka kwenye karatasi ya mwisho, kidole kina wino, viatu vina vumbi, anatembea kama mtu aliyetua mzigo akagundua ana mabega. Cherehani alitoka dukani kwake na futi shingoni, akasimama. Kipaza akasimama. Birika na Profesa nao wakasimama, wakampisha upande usio na tofali.

— Shemeji, umefaulu? Kipaza aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida.

— Matokeo miezi miwili. Lakini zote tano nimeziandika.

— Zote tano! Cherehani aliwaambia, kana kwamba hawakusikia. Karatasi tano, siku nne!

Birika akamimina kahawa, kikombe cha kwanza akampa Mama Pacha. Wakaanza kubishana ni nani kati yao aliyemsaidia zaidi, na Kipaza akashikilia kwamba wazo la mvunguni lingefanya kazi kama lingefuatwa. Mama Pacha alicheka hadi kahawa ikamwagika. Profesa peke yake hakubisha. Alikaa akifuta kitana kwa kitambaa, akikifuta tena hata kilipokuwa safi. Kelele zilipotulia akasogea karibu na Mama Pacha, akasema chinichini.

— Shemeji. Mtu aliyeishia darasa la tano… huko wanampokea?

Benchi lote lilisikia. Birika alitazama ndani ya birika lake. Kipaza alifungua mdomo, Cherehani akamtazama, naye Kipaza akaufunga.

— Wanampokea, alisema Mama Pacha. Jumatatu, saa kumi na moja jioni, mlango wa nyuma wa shule. Beba daftari na kalamu mbili. Mimi nitakupeleka.

Profesa akaitikia kwa kichwa. Akaweka kitana mfukoni mwa koti lake jeupe la kinyozi, akaomba kalamu ya wino, na kwenye kiganja cha mkono, polepole, herufi moja moja, akaandika: Jumatatu.