Herufi Mbili za Mama Msasa

Mwisho wa mwezi huu Mama Msasa anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha rangi cha karakana yetu ya ndege. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye hati za mshahara tu. Sisi tulimwita Msasa kwa sababu hakuna bawa wala mlango uliowahi kuwa laini vya kutosha mbele yake.

Aliingia akiwa msafishaji, akapanda hadi kuwa msimamizi. Hukagua kazi kwa kiganja, macho kayafumba, na akiguna ujue utarudia. Siku moja aliupitisha mkono juu ya meza mpya ya mkurugenzi, akaguna, na meza ikarudi kwa seremala. Mkurugenzi mwenyewe, ambaye kichwani hana hata unywele, hutania kwamba ni yeye peke yake aliyefaulu ukaguzi huo.

Lakini kazi tutakayomkumbukia haikuwa ya mteja. Pale mapokezi, ndani ya sanduku la kioo, pana ndege ndogo ya mizigo aliyoiunda kwa mbao na mabati chakavu, saa za chakula, karibu miaka miwili. Ni mfano wa ndege iliyoruka kutoka uwanja huu wakati wa vita ikipeleka dawa, na watu wanne ndani. Haikuonekana tena, wala kipande chake. Mpakiaji wake wa mizigo alikuwa kaka yake Mama Msasa, kifungua mimba kwao.

Chini yake aliweka kibao: "Kwa wenzetu wanne ambao hawajarudi." Ofisi ikadhani amekosea, ikamrudishia aandike "hawakurudi". Akakileta vilevile. Wakamrudishia tena. Safari hiyo alipanda ngazi mwenyewe, na vumbi lake la kazi, akawaambia, "Hiyo -ja- na hiyo -ku- ni ndugu, lakini hawalali nyumba moja. Mama yangu yu hai. Kiacheni kibao kama kilivyo."

Mama yake hakuwahi kupokea pole ya mtu tangu vita. Alipoletwa kuiona ndege, macho yalikuwa yameshakwisha nuru. Sanduku likafunguliwa, akaipapasa taratibu mpaka akaufikia mlango wa mizigo, ambao binti yake aliuacha wazi. Akaomba asomewe kibao. Aliposikia neno la mwisho alisema, "Basi wako njiani," akatabasamu. Sisi tuliokuwepo tulitazama sakafu.

Bibi yule tumemzika mwaka huu. Wiki iliyopita Mama Msasa alikibandua kibao, akakiweka mezani kwake, akafuta herufi mbili kwa msasa na kuandika nyingine mbili. Sasa kinasomeka "hawakurudi". Alikuwa analia. Ukipitisha kidole pale utakuta kibonde. Yeye aliyetukatalia kazi kwa vibonde visivyoonekana, hicho amekiacha.

Mama, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako, na kwa kule kuguna kulikotufundisha kazi. Tunakutakia afya njema, usingizi wa kutosha na wajukuu watundu wa kukuchangamsha. Nenda ukapumzike. Na mgeni akija kukuulizia, tutamjibu kwa lile neno ulilolipigania: Mama Msasa hajarudi.