Mkwe Aliyekataa Kutia Sahihi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkuu wa Chuo, madaktari na wafamasia mliotusimamia, wauguzi wenzangu tunaohitimu leo, wazazi, waume mliojifunza kupika kwa lazima, na wewe mkwe wangu uliyejibanza nyuma ya nguzo ukidhani sikuoni: nawasalimu nyote kwa heshima zenu.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita. Nilipoomba kusomea kazi ya kuwaandikia wagonjwa dawa, niliambiwa darasa si tatizo. Tatizo ni saa tisini za mazoezi, kila saa chini ya macho ya daktari atakayekubali kutia sahihi. Ndugu zangu, mmewahi kumtafuta daktari asiye na shughuli? Mratibu wetu wa mafunzo, mama mwenye sauti ya upole na simu isiyoishiwa chaji, aliwapigia tisa. Wa kwanza alikuwa safarini. Wa pili alikuwa anafunga mizigo. Wa tano alisema, "Nitakupigia," na mpaka leo tunasubiri. Akabaki mmoja tu, wa kliniki ya jirani: kijana aliyemwoa binti yangu.

"Huyo hajawahi kumaliza sentensi mbele yangu," nilimwambia mratibu.

"Chuo hakikatazi mkwe," akajibu. "Kinakataza mume. Na mwalimu atalipitia daftari lako kila wiki."

Basi tukaanza. Mkwe wangu alinisimamia akiwa amesimama kweli, maana kiti kilikuwa kimoja na nilikikalia mimi. Nikikosea, alikohoa. Kikohozi kimoja: angalia tena kipimo. Viwili: mama, anza upya. Wagonjwa wakawa wanampa pole.

Wiki ya sita akaja fundi seremala, goti limemvimba. Nikamwandikia dawa ya maumivu, nikamsogezea mkwe karatasi na kalamu juu yake. Hakukohoa.

"Mama, hapana. Sisaini."

Mbele ya mgonjwa! Mtu niliyempa binti! Nikamwambia, "Mimi nilikuwa nachoma watu sindano wewe hujaota meno!"

Akarudi nyuma hatua moja, lakini karatasi akanirudishia. "Ni kweli, mama. Ila muulize dawa nyingine anazotumia."

Nikauliza huku nimenuna. Fundi akatoa pakiti mfukoni: dawa ya kuzuia damu kuganda, anaimeza kila siku tangu mwaka jana. Hiyo ikikutana tumboni na niliyoiandika mimi, angeweza kuvuja damu mpaka tumpoteze.

Nikaichana karatasi. Nikaenda chumba cha kuchemshia vifaa, nikalia, nikanawa uso, nikarudi. "Daktari," nikasema, "kaa hapa kwenye kiti, unifundishe."

Jioni ile binti yangu alituuliza mezani kama tumegombana, maana ilikuwa mara ya kwanza kutuona tukizungumza.

Kwenye fomu ya mwisho mkwe wangu aliandika: "Anafaa. Anasikiliza, ingawa hutanguliza kununa." Mwalimu akaniuliza kama nina pingamizi. Nikanuna kidogo, nikakubali.

Ndugu madaktari, mratibu akiwapigia simu, pokeeni. Najua foleni zenu, nimezipanga mimi. Lakini mtu anayejifunza kuandika dawa anahitaji mtu wa kumwambia hapana, na aliyenipenda vya kutosha kuniambia alikuwa ananiogopa kuliko mtu yeyote duniani. Mwanangu, toka huko kwenye nguzo, watu wakuone.

Jumatatu iliyopita, kibali changu kikiwa kimeshatoka, niliandika dawa peke yangu kwa mara ya kwanza, kwa mama mshonaji mwenye jipu shingoni. Nilimuuliza mara tatu dawa anazotumia, halafu nikamwomba afungue na pochi.

"Muuguzi," akasema, "nimekuja kutibiwa au nimekamatwa?"

"Vyote viwili, mama," nikamjibu, na nikatia sahihi yangu.

Kwa uvumilivu wenu wa kunitegea masikio, nawashukuruni sana.