Aliyesimama Shambani kwa Amandu

Kijiwe cha Sulaiti kilikuwa chini ya Arua Hill, pale njia za Ayivu na Koboko zinapoingia mjini: benchi moja, jiko la mkaa, birika, na wanaume wanaojua kila kitu. Mwaka ule wa 1975 wakulima wa pamba walikuwa wakipewa ruzuku: mbegu, jembe jipya na pesa kidogo. Masharti yalikuwa mawili tu. Shamba liwe limepaliliwa, na mwenyewe awe amesimama ndani yake siku bwana shamba anapopita. Likikubaliwa, kigingi chake kinapakwa chokaa. Mwenyewe asipoonekana, ardhi anapewa mwingine na familia inahama. Candiru alikuwa amepalilia peke yake mpaka viganja vikachubuka, lakini mumewe Amandu alikuwa amepandishwa lori la wanajeshi kwenye njia ya Koboko tangu mvua za kwanza, na hakuna aliyethubutu kuuliza amepelekwa wapi. Bwana shamba alikuwa mgeni, hamjui Amandu kwa sura. Basi Candiru akaja kijiweni kuomba mwanamume mmoja akasimame badala ya mumewe, na wote wakaitikia ndiyo. Sasa bwana shamba alikuwa amepita, na kigingi cha Candiru kilikuwa cheupe pe.

Sulaiti alimimina kahawa, roho imetulia. Yeye hakwenda. Kanuni ya kijiwe ilijulikana: anayekunywa kikombe cha mwisho cha birika ndiye anayetumwa. Jioni Candiru alipoomba, kila mmoja alikikataa, eti tumbo linaunguruma, naye Sulaiti akaliacha birika pale pale akaenda kuswali magharibi. Aliporudi lilikuwa tupu. Akajua kuna mwanamume amejitoa.

— Redio, asante sana, alimwambia Kasereka, fundi baiskeli kutoka Kongo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. — Umeokoa watoto ya mutu.

— Mimi? Mimi hapana enda! Nilijua ni Sheria alienda.

Sheria ni Natale, karani wa zamani wa mahakama. Aliweka kikombe chini.

— Nyinyi iko na wazimu? Kusimama kwa jina ya mutu ingine ni kifungo. Mimi nililala kwangu. Wazee walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Sasa nani alikunywa kahawa ya mwisho? Sulaiti akauliza.

— Paka.

— Paka gani inakunywa kahawa, Sheria? Hata kwetu Kongo hapana.

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

— Mimi najua, Redio akasema. — Bwana shamba iko na macho mbaya. Aliona kichuguu, akasema ni mutu.

— Kichuguu hapana shika sigara, Sulaiti akajibu taratibu.

Wakamgeukia.

— Jana bwana shamba alikunywa hapa. Alisema huyo Amandu ni mutu ya maneno kidogo. Alimupa sigara, akashika tu, hapana vuta. Akamuuliza, mbona unatetemeka na jua kali hivi? Amandu akasema: huko nilikuwa, iko baridi.

Wote wakatazama barabarani. Njia ya Koboko ilikuwa mbele yao, vumbi lake limetulia.

— Basi ametoroka, Redio akasema haraka. — Iko kwa muhogo, anajificha.

— Mutu anajificha, halafu anasimama mbele ya serikali? Sulaiti akauliza.

— Ama ni wenye lori wamemurudisha, wakule ruzuku yake!

Sheria alikohoa.

— Mimi nilisoma masharti. Inasema mwenye shamba asimame. Hapana sema lazima akuwe muzima.

— Sheria! Redio akamkemea.

— Sheria ni sheria. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sulaiti aliogopa, wala hakuficha hofu yake. Alimwomba Mungu kwa sauti, mbele ya wote.

Hapo ndipo Candiru alipotokea, jembe jipya begani, amejifunga kitambaa safi. Hakukaa.

— Habari, wazee wangu. Nimekuja kusema asante. Siku ile nilijifungia ndani na watoto, hapana ona kitu. Ni nani kati yenu alisimama?

Sulaiti angeweza kusema ni mimi. Maneno yalifika mpaka mdomoni. Yangemtuliza huyu mama, na yangemmalizia mume wake papo hapo. Akayameza, akaanza kufuta birika. Redio naye akazimika, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

— Hapana mutu? Candiru aliwaangalia mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kung'aa, furaha ambayo Sulaiti aliiogopa kuliko lori lolote. — Kweli, hapana mutu?

— Kweli, mama, Sulaiti akasema.

Candiru alishusha jembe, akalishika kwa mikono miwili.

— Basi niambieni, baba zangu. Leo jioni nimuwekee chakula?