Juu au Nyuma

Tangu pikapu iondoke Koboko, Odile alikuwa amekumbatia bando lake la vitenge akijifanya amelala, lakini masikio yote yalikuwa kwa wawili waliokaa mbele yake. Adrabo, mchinjaji, alikuwa na beseni la mapafu ya mbuzi yaliyoshikana na moyo. Filda, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa anakwenda Arua kurudia mtihani wa kifua cha binadamu. Akifeli tena, basi, jembe linamngoja kijijini kwao Manibe.

"Moyo iko katikati ya mapafu, ncha inaelekea kushoto," Filda alikariri.

"Kweli kabisa, binti! Na bomba ya chakula iko juu ya bomba ya pumzi."

"Hapana, baba. Iko nyuma yake."

"Juu! Mimi napasua mbuzi miaka ishirini!"

"Nyuma! Kitabu inasema!"

Adrabo akainua mapafu yale juu, moyo ukining'inia, damu ikadondokea vitenge. Hapo usingizi wa Odile ukaisha.

"Muzee," akasema, "mbuzi yako inatembea na miguu ngapi?"

"Nne."

"Na mutu?"

"Mbili," Adrabo akajibu.

"Basi mgongo ya mbuzi iko juu, ya mutu iko nyuma," Odile akasema. Filda akapiga makofi, akacheka mpaka daftari likamponyoka.

Pikapu ikasimama Arua. Filda akaruka chini, akashika njia ya mtihani mbio. Nyuma yake mchinjaji akapiga magoti, akaweka na viganja sakafuni mwa pikapu kama mbuzi, akajipapasa mgongo.

"Filda!" akapaza sauti kwa furaha. "Hata bomba ya mimi iko juu!"